Mwalimu Mtarajiwa na Kishikwambi

Jioni moja ya juma lililopita alinijia barazani, hapa Ngamiani, kijana wa jirani anayemalizia masomo ya ualimu. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mjomba, niambie kweli. Kazi hii ninayoisomea itakuwapo?"

Nilikuwa tayari kumjibu kwa hotuba, kwani sisi watu wa chama hatupungukiwi na hotuba. Nikajizuia, nikamwuliza chanzo cha hofu yake. Akanikumbusha jambo lililotukia katika mkoa wetu wenyewe, ambalo wengi wetu tumekwisha kulisahau.

Mwishoni mwa mwaka 2017 vishikwambi vilipelekwa katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, wakapewa watoto wanaokaribia 3,000. Yalikuwa mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, yaliyofanyika huku kwetu kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Sharti lilikuwa moja: mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, yeye na kifaa chake, pasipo mwalimu. Umeme wa kuvichaji ulitokana na jua. Watoto 74 katika kila mia walisemekana hawakuwahi kuhudhuria shule, na zaidi ya 90 katika mia hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya hao wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 za Kimarekani waligawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

"Kishikwambi hakichoki, mjomba," akasema. "Mtoto akikosea mara kumi, kitamrudisha mara kumi bila kufoka. Mimi nitakapokuwa na watoto mia darasani, nitafoka."

Sikumbishia, maana hiyo ni kweli tupu. Lakini nilimwuliza juu ya ile nusu ya pili. Watoto wale waliokaa na kifaa miezi 15 wakatoka bila neno, nani aliwafuata? Mtoto asiyekigusa kishikwambi, kishikwambi hakimwendei nyumbani. Nikiwa mdogo chuoni, maalimu wetu alikuwa na juzuu chache zilizochakaa na mkeka uliotoboka, ila kila asubuhi alijua ni nani hakufika. Aliwatuma wanafunzi wakubwa wakamlete, na mara kadhaa aliyeletwa nilikuwa mimi, nikitolewa pwani kwenye ngalawa za watu. Sikumpenda kwa hilo wakati ule.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 redio ilisikilizwa na watu kwa mamilioni, nao waliketi katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao, katika mradi wa RISE ulioanza mwaka 2006, waliwapelekea watoto wadogo masomo kwa redio, na kando ya redio palikuwa na mtu mzima wa kuwaongoza katika nyimbo na michezo. Redio ilisema, mtu akatazama nani ameelewa.

Kijana alifikiri, kisha akaleta hoja ambayo naiweka mbele ya wakubwa wetu wa elimu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Uamuzi ule ulikuwa mwema, nami niliushangilia. Lakini katika mazoezi yake ya kufundisha, kwenye shule moja ambayo sitaitaja, alivikuta kabatini, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu. Walimu waliogopa kwamba kikivunjika watakatwa mshahara. Huko chuoni kwake nako alifundishwa sehemu za kompyuta na majina yake; hakufundishwa namna ya kuwapanga watoto mia kwa vifaa vitano, wala namna ya kumtambua yule anayebonyeza tu bila kusoma.

Programu za washindani wote watano waliofika mwisho ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia, nazo ni za Kiswahili. Zilijaribiwa kwa watoto wa Tanga. Naona ni aibu kwamba mwanachuo wa mkoa huu huu amezisikia kama hadithi, hajapata kuzishika mkononi. Afisa atakayesoma safu hii hahitaji kuomba fedha ng'ambo ili jambo hilo lirekebishwe. Ahitaji waraka mmoja, na neno la wazi kuhusu nani atalipa kifaa kikiharibika kazini.

Kijana aliondoka baada ya isha. Mlangoni aliniuliza, je, akipangiwa kisiwani ambako nguzo za umeme hazijafika, aende na paneli yake mwenyewe? Nilimwambia nitauliza. Basi nauliza.