Wikala ya al-Ghuri: Ghala lililojengwa biashara ikiwa hatarini

MFANYABIASHARA aliyeingia Cairo miaka 500 iliyopita na shehena ya pilipili manga alihitaji mambo mawili: mahali salama pa kuweka mali na mahali pa kulala. Yote mawili aliyapata katika jengo moja lililoitwa wikala, neno lililo ndugu wa "wakala" wetu.

Miongoni mwa majengo hayo yaliyosalimika ni Wikala ya al-Ghuri, karibu na msikiti wa al-Azhar. Ilijengwa kati ya mwaka 1504 na 1505 kwa amri ya Sultani Qansuh al-Ghuri, mmoja wa watawala wa mwisho wa Kimamluki. Lango lake kubwa laelekea barabarani. Ndani mna uwanja wazi, ambamo wanyama walituliwa mizigo. Ghorofa mbili za chini, zenye matao ya mawe, zilikuwa maghala. Tatu za juu zilikuwa nyumba za kupanga, na vyumba vya mpangaji mmoja vilipandana kutoka ghorofa hadi ghorofa. Lango likifungwa, mali na mwenyewe wote wamo ndani.

Kodi, walau kisheria, haikuwa ya sultani. Wikala iliwekwa wakfu ili kugharimia msikiti, madrasa na kaburi alivyovijenga jirani. Wakfu, tusisahau, ulikuwa pia njia ya wakubwa kukinga mali isitwaliwe na wale watakaowafuata madarakani.

Hatari ilitoka baharini. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika India kwa kuizunguka Afrika, na viungo vilivyopitia Bahari ya Shamu vikapata njia nyingine hadi Lisbon. Mwaka 1505, wikala ikikamilika, Wareno waliziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa. Al-Ghuri alipeleka merikebu India. Zikashinda Chaul mwaka 1508, zikavunjwa Diu mwaka uliofuata.

Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1516 katika vita vya Marj Dabiq, karibu na Aleppo, akipigana na Waturuki wa Uthmaniya. Mwili wake haukupatikana, na kaburi alilojijengea halikumpokea.

Wikala ilibaki. Kufikia katikati ya karne ya 16 viungo vilikuwa vimerudi kwa wingi katika Bahari ya Shamu, safari hii chini ya Waturuki. Jengo lilikarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uwanja wa mizigo ukawa ukumbi wa maonyesho ya sanaa.