Wamazrui: Ngome Ilikwenda, Kalamu Ikabaki

Apitaye Ngomeni, Mji wa Kale wa Mombasa, aghalabu huitazama Ngome asiyaangalie makaburi yaliyo jirani nayo. Hapo wamelala Wamazrui, watu ambao jina lao halitengani na historia ya kisiwa hiki.

Asili yao ni Oman. Katika karne ya 18 walikuja kuwa maliwali wa Mombasa. Utawala wa Oman ulipoingia mikononi mwa Albusaidi, Liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtii mtawala mpya, akauawa mwaka 1746. Nduguye, Ali bin Uthman, aliitwaa Ngome tena. Tangu hapo Wamazrui walijitawalia, wakishirikiana na wakubwa wa Thenashara Taifa, hata mwaka 1837 Sayyid Said alipoishinda Mombasa. Wakuu wa ukoo walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Jee, jina lilikufa? La. Lilihama kutoka Ngomeni likaingia msikitini na darasani.

Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891, hakuwa na askari wala mizinga. Alikuwa na kalamu. Mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani wazinduke na wasomeshe watoto wao, wa kike kwa wa kiume. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947.

Mwanawe Ali aliachwa yatima angali kijana, na mtihani wake wa sekondari haukuwa mzuri. Hakukata tamaa. Alisoma hadi udaktari wa Oxford, akawa profesa Makerere na baadaye Marekani, na mwaka 1986 dunia ikamwona kwenye televisheni akiieleza Afrika. Naye Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki ya mwaka 1981, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila ya kushtakiwa.

Jina mtu hulirithi. Heshima yake huitafuta mwenyewe.

Profesa Ali alifariki Marekani Oktoba 2014. Aliusia azikwe kwao, na ndivyo ilivyokuwa. Wazee wake wa mwaka 1837 walitolewa Mombasa kwa nguvu, wakafia ugenini. Yeye aliondoka kwa hiari kutafuta elimu, akarudi kulala kando ya Ngome ile ile. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.