Fahamu: Tope la Bahari ya Aral lasema nini kuhusu kukauka kwake?

Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, haina mlango wa kutokea. Maji huletwa na mito ya Amu Darya na Syr Darya, kisha hupotea yakigeuka mvuke, na ndiyo maana tope lake hutunza kumbukumbu. Wanasayansi hulichimba kwa bomba refu na kulisoma tabaka kwa tabaka: penye chembe za jasi, maji yalipungua na chumvi ikazidi, penye mabaki ya mwani wa maji baridi, mito ilijaa. Tabaka moja halitoshi kuwa ushahidi, ni kweli, lakini huko Kerderi, kwenye sakafu iliyokauka, yameonekana magofu ya kaburi la karne ya 14. Hakuna ajengaye kaburi majini.

Wapo wasemao kwamba basi kukauka kwa leo ni jambo la kawaida. Hoja hiyo haisimami. Zamani Amu Darya uligeukia bonde la Sarykamysh, na uliporudi, bahari ilijaa tena. Tangu miaka ya 1960 maji yamechepushwa kwenda mashamba ya pamba, mwaka baada ya mwaka. Kazakhstan ilipokamilisha tuta la Kokaral mwaka 2005, maji ya kaskazini yalipanda na samaki wakarejea.