Vumbi la Nyavu na Pumzi za Akina Mama

Juma hili tunatoka mwambaoni kwetu hadi ghuba ya Karungu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Migori. Huko wavuvi huvua omena usiku kwa taa. Kukipambazuka, akina mama huwanunua, kisha huwaanika juani juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani.

Nyavu hizo ni za nailoni, na nailoni ni plastiki. Jua huidhoofisha, upepo na nyayo huisugua, hata ikakatika vipande vidogo. Wataalamu huita plastiki ndogo kila kipande kisichozidi milimita 5, na vilivyo vyembamba mno hupeperuka hewani. Mama akung'utaye wavu na kufagia jioni huvivuta pamoja na vumbi, na mtoto aliye mgongoni huvuta naye.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Mwaka 1998 madaktari wa Rhode Island, Marekani, walieleza maradhi ya mapafu yaliyowapata wafanyakazi wa kiwanda kilichokata nyuzi za nailoni ili kutengeneza vitambaa mfano wa mahameli. Walikohoa na kuishiwa pumzi. Walioiacha kazi hiyo walipata nafuu. Ufuo wazi si kiwanda kilichofungwa, lakini somo ni moja: pafu halikuumbwa kupokea nailoni.

Ubaya huzidi pale wavu uliochakaa unapotiwa moto, au mfuko wa plastiki unapotumiwa kuwashia kuni za kukaangia samaki. Moshi wake una sumu, nao humfikia kwanza aliyeinama jikoni.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake. Lakini mwanika omena ni mwajiri wa nafsi yake, atamdai nani? Ndiyo maana twaona vikundi vya usimamizi wa fuo vina wajibu wa kuwajengea akina mama chanja za kuanikia, zilizoinuliwa juu ya mchanga, na kutenga mahali pa kukusanyia nyavu mbovu.

Nasi wa mwambao, tunaoanika dagaa vivyo hivyo, tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Tunyunyize maji kabla ya kufagia. Tukung'ute wavu tukiupa upepo mgongo, watoto wakiwa mbali. Tusichome plastiki kabisa. Wala tusiutegemee mtandio puani, kwani hauzuii chembe ndogo, na mingi yenyewe imefumwa kwa nyuzi za plastiki.

Riziki ya halali ni neema, na mwili ni amana. Asiwepo mama wa kuuza pumzi zake ili wanawe wapate chakula cha jioni.