Kutoka Miradi Bubu hadi Ufisadi: Majina ya Wizi, Umaskini na Matabaka

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili jinsi lugha inavyoshiriki katika kuficha na kufichua unyonyaji. Tunaanza na riwaya ya Gabriel Ruhumbika, Miradi Bubu ya Wazalendo (1992), kisha tunafuatilia maneno yaliyokuja baadaye katika siasa na soko, hususan yale yanayohusiana na Karatu. Hoja yetu ni kwamba tendo la kutwaa cha wengine hupewa jina kulingana na tabaka la mtendaji.

2.0 Mradi Usiosema

Riwaya inasimulia maisha ya Saidi na Munubi, wana wa Ukerewe waliotoka kwao kutafuta kazi. Mmoja anakuwa tarishi wa ofisini, mwingine kibarua wa mkonge. Uhuru unakuja, na Azimio la Arusha linatangazwa mwaka 1967. Hata hivyo ufukara hauwaachi wanyonge, ilhali wakubwa wananeemeka. Ufunguo umo katika anwani. "Mradi" ni neno la heshima linaloashiria mipango na maendeleo. "Bubu" hudokeza kuwa mradi huo hauna hesabu wala wa kuuulizia. "Wazalendo" nalo ni kejeli tupu. Tuchukue mfano wetu wenyewe: tarishi akiondoka na rimu ya karatasi huitwa mwizi, mkubwa akijijengea nyumba kwa saruji ya shirika husemwa ana mradi.

3.0 Takrima na Ufisadi

Ubingwa huo wa kupamba maneno haukuishia katika riwaya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", neno la ukarimu, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Mwaka uliofuata, Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa Karatu tangu 1995 hadi 2010, alisoma hadharani katika viwanja vya Mwembe Yanga, Dar es Salaam, orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Zamani "fisadi" aghalabu alikuwa mwasherati na mharibifu wa maadili. Sasa ni mfujaji wa mali ya umma. Januari 2008 ilitangazwa kuwa ukaguzi wa akaunti ya EPA katika Benki Kuu umebaini malipo yasiyo halali ya shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22. Bubu alikuwa ameanza kusema.

4.0 Kasoro ya Neno Jipya

Hata hivyo, "fisadi" hushutumu tabia ya mtu. Halielezi mali inavyohama kutoka tabaka moja kwenda jingine. Katika wilaya hiyohiyo ya Karatu, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, analo neno lililo wazi zaidi: "lumbesa", yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba, lakini likalipiwa kama gunia moja. Neno hilo halimtukani mnunuzi. Linaonyesha jasho la mkulima linapopotelea.

5.0 Hitimisho

Ruhumbika alifanya kazi ya namna hiyo: alitaja njia ya wizi kabla ya kumtaja mwizi. Fisadi mmoja akiondolewa, mwingine hushika nafasi yake iwapo kipimo kimebaki kilekile. Hatuna budi, basi, tunaposoma riwaya zetu, kuuliza si nani mwovu tu, bali gunia linajazwa vipi.