Nyatiti Chini ya London: Bahati ya Kukutana na Miamba ya Roki

Kukutana kwa bahati na mwanamuziki maarufu ni tukio ambalo watu wa nchi nyingi hulisimulia kwa namna inayokaribia kufanana: msimulizi alikuwa katika shughuli zake za kila siku, akageuka, akamwona mtu aliyezoea kumwona kwenye jalada la santuri, na kwa dakika chache mwenye jina na asiye na jina wakawa kwenye foleni moja. Katika nchi za Magharibi simulizi hizi zimewazunguka zaidi wanamuziki wa roki, yaani muziki uliokua Marekani na Uingereza kuanzia miaka ya 1950, ukichota mizizi yake katika bluzi na midundo mingine ya Wamarekani Weusi, na kusimama juu ya gitaa la umeme, besi na dramu. Huku Mwanza neno hilohilo la Kiingereza limekwisha kupata maana nyingine, kwa kuwa jiji linaitwa “Rock City” kutokana na mawe makubwa ya matale yaliyotapakaa milimani hadi ndani ya maji, likiwemo Jiwe la Bismarck linalochapishwa kwenye kila kadi ya posta. Kiswahili cha vijiweni nacho kimeongeza utamu wake, kwa sababu mtu aliyewashinda wenzake katika jambo lolote huitwa mwamba, hivyo anayezungumzia miamba ya roki mbele ya vijana wa Mwanza hana budi kueleza kwanza kama anakusudia mawe, wababe au wapiga magitaa.

Igogo ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa kitovu cha jiji, ambako nyumba zimepanda mlima zikijibanza kati ya mawe hayo, na chini yake Ziwa Viktoria linaonekana hadi mahali ambapo macho hukoma. Mkazi wa hapo anaweza kukutana na nyota wa bongofleva aliyekuja kwa tamasha katika uwanja wa CCM Kirumba, au na msanii aliyezaliwa jijini humohumo kama Fid Q, lakini uwezekano wa kugongana mabega na mwamba wa roki wa Uingereza pale stendi ya daladala ni mdogo kama wa kuvua sangara kwenye kisima. Uchache huo una sababu zake zinazoelezeka, kwa kuwa ziara za wanamuziki wakubwa hufuata miji yenye viwanja vikubwa, wadhamini na wanunuzi wa tiketi za bei kali, na kinachoitwa bahati kwa kawaida hutokea kandokando ya njia hizo: hotelini, uwanja wa ndege, au dukani karibu na ukumbi. Mtu asiyeishi kwenye njia hukosa bahati hata akiwa na macho makali kiasi gani.

Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa na utaratibu tofauti, na tofauti hiyo inastahili kukumbukwa kabla ya kuzungumzia roki. Wanamuziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 wengi walikuwa waajiriwa: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Mpiga solo aliyeshangiliwa usiku alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuonekana asubuhi akinywa chai na chapati kwa mama lishe, bila mlinzi wala miwani ya giza. Hata Mbaraka Mwinshehe, ambaye bendi yake ya Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, aliishi kati ya watu waliomwita kwa jina. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, alijulikana kwa majirani zake kiasi kwamba kituo cha daladala cha Sinza kikabaki kikiitwa “Kwa Remmy” hadi leo. Palipo na ujirani wa namna hiyo, kumwona mwanamuziki hakuwi habari ya kusimuliwa miaka arobaini baadaye, na huenda ndiyo maana fasihi ya bahati za aina hii ni haba katika Kiswahili.

Kwa roki, mfano unaotajwa kwanza ni wa Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi waliohamia India karne nyingi zilizopita. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Kijana huyo alisomeshwa Panchgani, India, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, ambako mwaka 1970 alishiriki kuunda bendi ya Queen na kujipa jina la Freddie Mercury. Wauza duka, walimu na watoto wa mtaa wa Shangani waliopishana naye vichochoroni walikutana na mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa roki pasipo kujua, na yeye mwenyewe hakujua. Mfano huu unaonyesha sharti la pili la bahati, baada ya lile la kuwa kwenye njia, nalo ni utambuzi: macho mawili kukutana hayatoshi kama hakuna jina la kuyaunganisha. Jina lilipokuja, lilikuja na mgogoro, kwani mwaka 2006 mpango wa kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ulipingwa na jumuiya ya kidini kisiwani humo kwa sababu ya maisha yake binafsi, na ilipofika mwaka 2019 ndipo makumbusho yenye jina lake yakafunguliwa Shangani. Mercury alikwisha fariki tangu tarehe 24 Novemba 1991.

Upande wa pili wa kutotambuana ulionekana pale mwamba alipokuja mwenyewe. Stewart Copeland, mpiga dramu wa bendi ya The Police, alizunguka Afrika Mashariki na Kongo katika miaka ya 1980 akirekodi midundo, na mwaka 1985 zikatoka santuri na filamu vikiwa na jina moja, The Rhythmatist. Kwa wanakijiji waliomwona akigonga vifaa vyake nyikani, alikuwa Mzungu mrefu mwenye shughuli isiyoeleweka sawasawa.

Tukio lenye uzito zaidi kwa watu wa ziwani, hata hivyo, lilitokea kwa kugeuza mwelekeo kabisa, yaani mtu wa ziwani ndiye aliyesafiri, akaketi kwenye njia ya wengine, akangoja. Mtu huyo ni Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa wazazi Wajaluo, watu wa mwambao wa ziwa hilo, na kufahamika hapo awali kama Job Seda. Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nairobi waliokuwa katika bendi ya Black Savage, iliyopiga muziki wa roki wenye ladha ya Kiafrika, na mwaka 1979 alishiriki kuanzisha African Heritage Band, iliyochanganya magitaa ya umeme na ala za asili. Kwa hiyo hakuwa mshamba wa roki. Aliijua kutoka ndani, kisha akaiweka kando na kuishika nyatiti.

Nyatiti ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, kilichowambwa ngozi juu ya bakuli la mti, na chenye mikono miwili inayoungana juu kwa mti wa kukingama unaofungiwa nyuzi. Mpigaji, ambaye kwa desturi ni mwanamume, huketi kwenye kigoda kifupi, akizidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, huku pete ya chuma iliyovalishwa kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa bakuli na njuga za mguuni zikijibu. Mtu mmoja anakuwa solo, besi, dramu na mwimbaji kwa wakati mmoja. Nyuzi ambazo zamani zilitokana na mishipa ya ng'ombe sasa ni za nailoni, bidhaa ambayo mtu wa Igogo hahitaji kuelezwa, maana nyavu na mishipi hutandazwa mbele ya macho yake kila siku. Ziwa lenyewe lilikuwa barabara ya muziki huu, kwani meli kama MV Victoria zilizunguka Mwanza, Bukoba, Kisumu na Uganda, zikibeba ndizi, wanafunzi, wapiga magitaa na santuri zao.

Mwaka 1986 Ogada alikwenda Uingereza na nyatiti yake, na kwa kukosa kazi ya uhakika akawa akipiga muziki katika njia za treni za chini ya ardhi za London, akitegemea sarafu za wapita njia. Kazi hiyo ina adabu zake. Mpigaji hulazimika kumnasa mtu ambaye hakuja kumsikiliza, anayeharakisha kuwahi treni na ambaye amekwisha kuamua kutotazama pembeni. Nafasi aliyo nayo ni sekunde chache za hatua za msikilizaji, tangu sauti inapomfikia hadi anapokunja kona. Korido zile zilizojengwa kwa vigae hurudisha mwangwi, na ala yenye sauti nyembamba kama nyatiti huvimba humo kuliko inavyosikika uwanjani. Maelfu walimpita. Miongoni mwa waliosimama alikuwepo mtu wa WOMAD, na kusimama huko kukamfikisha Ogada kwenye jukwaa la tamasha la WOMAD mwaka 1988.

WOMAD ni tamasha la muziki wa dunia nzima lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1982 huko Shepton Mallet, Uingereza, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Peter Gabriel, mwamba wa roki aliyeiacha bendi ya Genesis mwaka 1975. Tamasha la kwanza lilivutia sifa nyingi na fedha kidogo, likaacha madeni makubwa, na wenzake wa zamani wa Genesis wakakubali kupanda naye jukwaani Oktoba mwaka huohuo ili mapato yayalipe. Bila ukarimu huo, pengine pasingekuwa na tamasha la pili, wala mtu wa kusimama kwenye korido ile. Mwaka 1989 Gabriel na WOMAD walianzisha lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kusambaza muziki, iitwayo Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, na humo ndimo ilimotoka albamu ya Ogada, En Mana Kuoyo, mwaka 1993.

Ni vigumu kusema katika kisa hiki nani aliyekutana kwa bahati na mtu maarufu. Ikisimuliwa kwa desturi za washabiki, bahati ni ya Ogada, aliyetoka chini ya ardhi hadi studio ya mwamba. Lakini mwamba naye alikuwa na njaa yake, kwani wanamuziki wa roki wa miaka ya 1980 waliochoshwa na midundo yao wenyewe walihitaji sauti mpya kuliko Wajaluo walivyohitaji sifa za London, na nyatiti ilikuwa na umri mkubwa kuliko gitaa la umeme. Hesabu ya haki ingempa kila upande fungu lake la bahati, ingawa fungu la fedha kwa kawaida halikugawanywa hivyo.

Njia hiyohiyo ya WOMAD ilipitiwa na Watanzania kwa namna nyingine. Remmy Ongala hakuwahi kuketi koridoni London. Rafiki yake Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao ndiye aliyebeba muziki wake, ukafika mikononi mwa waandaaji, na mwaka 1988 Remmy na bendi yake ya Super Matimila wakaalikwa, kisha Real World ikatoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na wa ilimba, yaani marimba ya vidole, kutoka Ugogo, nchi ya Wagogo (ambayo haina uhusiano na Igogo, ingawa majina yanapigana vikumbo), alirekodi katika lebo hiyo na mwaka 2002 akafuatana na Gabriel katika ziara yake ya Marekani, mwaka mmoja kabla ya kufariki Desemba 2003. Katika visa hivyo muziki ulitangulia, mtu akafuata, na bahati ilikaa ndani ya begi la msafiri.

Wapo pia miamba ambao ziwa liliwabakiza kandokando yake. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 Shirati, katika mkoa wa Mara wa leo, alivuka kwenda Kenya na kuwa mfalme wa benga, muziki wa magitaa ambao midonoo yake ya haraka inafuata mkono wa mpiga nyatiti, na ambao kwa nguvu za umeme wake ndio jirani wa karibu zaidi wa roki katika mwambao huu. Bendi yake aliiita Shirati Jazz, kwa jina la kwao. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu Mei 2006.

Ogada alirudi kuishi karibu na Kisumu, akafariki Nyahera tarehe 1 Februari 2019. Wimbo wake Kothbiro, ambao jina lake kwa Kijaluo lina maana kwamba mvua inakuja, ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, na mwaka 2018 kipande cha wimbo huo, kilichonyofolewa kwenye rekodi ya zamani ya Black Savage, kikatumiwa na Kanye West katika wimbo Yikes. Inawezekana kabisa, basi, kwamba dereva wa daladala ya Igogo aliwahi kuufungulia wimbo huo spika zote, abiria wakatikisa vichwa, na hakuna aliyetambua kwamba sauti ile ilitoka ng'ambo ya maji yaliyokuwa yakimetameta dirishani.