Chemsha bongo ya Kijapani na funzo kwa shule za Kisii na Nyamira

Wengi wanapotajiwa katuni za Kijapani, maarufu kama anime, hudhani ni mapigano ya panga na majitu ya ajabu tu. Hata hivyo, mnamo Julai 2017 televisheni ya Japani ilianza kupeperusha mfululizo ambao silaha yake ni kitufe na vita vyake ni maswali.

Mfululizo huo wa vipindi 12 unaitwa Nana Maru San Batsu, yaani saba sahihi, tatu kosa. Ulitokana na hadithi za picha za Iqura Sugimoto, zilizoanza kuchapishwa mwaka wa 2010. Jina lenyewe ni kanuni ya mchezo: apataye majibu 7 sahihi hushinda, naye akoseaye mara 3 huondolewa.

Mhusika mkuu, Shiki Koshiyama, ni mvulana mnyamavu wa mwaka wa kwanza katika shule ya upili, mpenzi wa vitabu. Anapoingia katika chama cha chemsha bongo, anagundua kwamba kusoma vitabu vingi pekee hakutoshi.

Kisa na maana? Wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye ajibuye, hata kama swali halijakamilika. Chukua mfano huu: "Mlima mrefu zaidi Afrika ni Kilimanjaro, je, wa pili ni upi?" Mjuzi akisikia Kilimanjaro umekwisha kutajwa, hubashiri kinachofuata na kujibu Mlima Kenya. Lakini huenda swali lingeulizia mwaka ambao kilele chake kilifikiwa mara ya kwanza, yaani 1889. Akiharakisha, anahesabiwa kosa. Akichelewa, mwenzake anamtangulia.

Mchezo huu haukubuniwa na wachoraji. Nchini Japani mashindano ya kitaifa ya chemsha bongo ya shule za upili yamekuwa yakionyeshwa na Nippon Television tangu 1983.

Wakazi wa Kisii na Nyamira hawatauona mgeni kabisa. Huko, kama kwingineko nchini, shule hualikana kwa mashindano ya masomo. Walimu hutunga maswali, wanafunzi huyajibu kwa maandishi, karatasi husahihishwa, kisha majibu hujadiliwa. Tofauti ni kwamba hapa anayeandika polepole kwa makini haadhibiwi.

Suala hili lina uzito wa pekee Gusii. Katika KCSE ya 2022, Shule ya Upili ya Nyambaria, kaunti ya Nyamira, iliibuka kidedea nchini. Hata hivyo, shangwe za eneo hilo ziliandamana na minong'ono, na Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa ikachunguza madai ya udanganyifu katika mtihani huo. Mwanafunzi aliyetoa jasho lake huumia sana shaka inapowaangukia wote bila kubagua.

Hapo ndipo chemsha bongo ya hadharani ina faida. Swali likisomwa mbele ya wazazi na wapinzani, hakuna wa kumnong'onezea mshiriki, na kila mmoja hushuhudia anachokijua. Bila shaka haiwezi kuwa ithibati ya matokeo ya mtihani, ila humpa mtoto fursa ya kuonyesha ujuzi wake mchana kweupe.

Hata hivyo, tusivutwe na kasi tukasahau maarifa. Kitufe humtuza mwenye kumbukumbu, lakini hakimdai aeleze sababu. Isitoshe, shule zikiwapeleka vigogo wa darasa pekee, walio mkiani hubaki watazamaji, ilhali wao ndio wanaohitaji msaada zaidi.

Vyama vya Kijapani vina desturi ya kuigwa: wanafunzi wenyewe hutunga maswali. Atungaye swali zuri hana budi kulielewa somo kwanza. Kengele ya mezani yatosha badala ya mitambo, na washiriki waweza kuteuliwa kwa kura. Baada ya kila jibu, mwalimu aulize, "Kwa nini?"

Katika vitendawili vyetu vya jadi, aliyeshindwa alitoa mji, naye mtegaji akafichua jibu kwa wote. Hakuna aliyeondoka bila kujifunza. Wahenga walinena, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.